Mguu wa Kitanda

Fundi Lugendo wa Keko aliigeuza karatasi yangu mara tatu.
Mchoro ulikuwa nyuma ya risiti ya luku,
kalamu ya Hansaben, mistari ya kutetemeka.
"Hiki ni mchi, ni mwiko, au unanitania?"
Nikamwambia ni kitu cha kujikandia.
Akacheka mpaka vumbi la mbao likamwingia kooni.
Kisha akainama chini ya kerezo, penye makapi,
akaokota mguu wa kitanda uliopasuka upande mmoja,
mninga, mwekundu kama chai ya rangi,
akaukata pabovu, akauchongea kichwa cha uyoga,
akausugua kwa msasa.
Elfu nne. "Na elfu moja," akasema, "ya kicheko."
Nikalipa zote tano.

Januari, mtaa wa Narung'ombe.
Nakata mashati ya shule, tabaka kumi kwa mkasi mmoja,
shule zinafunguliwa Jumatatu na wazazi hawana subira.
Ikifika saa mbili usiku dole gumba halifungi,
na bega la kulia limepanda juu, limeganda huko,
kama bega la mtu aliyeulizwa jambo akajibu, sijui.

Zamani mwili wangu ulikuwa shughuli ya watu.
Nilipojifungua Mwanahawa, mama alinikanda siku arobaini,
maji ya moto, kitambaa, masharti,
nikilia alisema lia, lakini usisogee.
Tangu hapo, mkono wa mwisho kunishika kwa makini
ulikuwa mpira wa kupimia presha pale Mnazi Mmoja.

Hansaben wa Kisutu, ghorofa ya pili,
huniletea blauzi za sari nizipanue ubavuni.
Ndiye aliyeliona bega.
Akanitajia Ayurveda, neno nikalitafuna polepole
kama karanga iliyochanganyika na mchanga.
"Mfupa mrefu, wewe vuta refu. Kiungo, zungusha.
Mafuta ya ufuta, moto kidogo, siyo ya kukaangia!
Kila kitu rudisha kwa moyo.
Na usingoje mtu. Mtu iko wapi?"

Kweli, yuko wapi.
Aliyeondoka aliondoka na kitanda,
akasema ni chake, na risiti anayo.
Godoro lipo sakafuni mwaka wa tatu huu.

Kwa hiyo leo umeme umekatika,
bakuli la mafuta limekaa ndani ya sufuria ya maji moto,
nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango nimeukomea.
Naanza na nyayo. Nyayo zinashtuka,
hazijazoea kuulizwa habari.
Ndama, refu. Goti, zungusha.
Mganga hajigangi, walisema,
na kinyozi hajinyoi,
nami hapa gizani najiganga, nanuka kama kashata za ufuta,
najicheka mwenyewe.

Bega linakataa. Nalibembeleza.
Linakataa. Naliegemezea ukuta, mti katikati,
nateleza juu, nateleza chini,
mpaka kitu fulani ndani kikasema *tak*,
nikatamka jina la mama yangu.

Mtu hujikuna ajipatapo.
Mimi nimeongezewa shubiri moja.
Zaidi ya hapo, pale katikati ya mbavu za nyuma,
hapafikiki kwa mti wala kwa ukuta,
napaacha palale vivyo hivyo.

Mguu mmoja wa kitanda nimepata.
Bado mitatu.

Asubuhi nilinawa kwa unga wa dengu, mara mbili,
nikarudi kwenye mkasi.
Lakini ufuta hauagi upesi.
Jumatatu, kwenye mstari wa darasa la kwanza huko Temeke,
mtoto nisiyemjua atainua kola yake puani,
ainuse, aangalie huku na huku,
atafute nani kaleta kashata.